Baluni za kung'aa zikatazwe, lakini mama aliyefiwa msimguse

Mhariri, mmeuliza kama kurusha baluni hewani kwenye sherehe na kumbukumbu kupigwe marufuku. Mimi naona swali gumu ni nani ataenda kumwambia mtu aliyefiwa aache.

Hapa Kayole, Nairobi, jirani yetu alifanya kumbukumbu ya mtoto wake. Tulisimama nje ya geti la ploti, kila mtoto ana baluni ya gesi, nyingi za mpira, lakini mama mwenyewe alishika moja ya kung'aa, umbo la nyota. Pasta akaomba, zikaachiliwa. Za mpira zikapanda zikaelekea upande wa Donholm mpaka zikapotea. Ile nyota upepo ukaisukuma kwa nyaya za stima, kamba yake ikajizungusha hapo, watu wote wanaangalia tu, na sisi hatukujua zile zimepakwa metali na zikigusa nyaya mbili zinapiga shoti. Mara paa! Cheche zikamwagika kwa mabati ya fundi wa viatu, waya mmoja ukakatika ukaanguka barabarani, watoto wamesimama karibu kabisa, kama si kijana wa boda kuwavuta nyuma tungekuwa na matanga mengine. Stima ilirudi kesho yake jioni. Mama wa samaki alitupa friza nzima na hakumlaumu mfiwa hata kwa neno moja.

Na msidhani za mpira ziko salama. Zinapasuka huko juu, vipande vinashuka popote, na kinachoingia Mto Nairobi kinafika Athi, kisha Galana, kisha Sabaki mpaka baharini karibu na Malindi, na kasa akikiona anadhani ni yavuyavu, kile kiumbe laini cha baharini anachokula, anameza. Mifuko ya plastiki tuliikataza 2017, hii je? Cleveland kule Marekani, Septemba 1986, walirusha karibu milioni 1.5 kwa siku moja, nyingi zikashukia Ziwa Erie wakati wavuvi wawili wanatafutwa, waokoaji wakawa wanatafuta vichwa vya watu kwa maji yamejaa baluni. Wote wawili walipatikana wamekufa.

Nilianza kuandika nikitaka faini kwa kila mtu. Sasa nasema za kung'aa za gesi zisiuzwe kabisa, na kampuni na shule zisirushe hata moja. Lakini yule mama, akitaka tena moja ya mpira, bila kamba, uwanjani mbali na nyaya, nitasimama naye, ingawa kasa wa Malindi hatanielewa.