Barua kwa mwanangu: daktari anashona, matone ndiyo yanaponya

Mwanangu Rehema,

Asalaam alaykum. Meseji yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyo ndefu. Unasema daktari huko Mwanza amekwambia keratokonasi, huo ugonjwa wako wa konea kuchongoka, imefika mbali, konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, imechongoka na ina kovu, lenzi ngumu za kuvaa jichoni hazikai tena, kilichobaki ni kupandikizwa konea ya mtu mwingine. Kisha unaniuliza: Mjomba Shabani alipopandikizwa yake aliumia sana?

Hakuumia sana. Sindano ya ganzi ndiyo aliyoisimulia mtaa mzima. Baada ya hapo jicho lilimkwaruza siku chache, akameza Panadol, yakaisha. Wewe huenda wakakulaza usingizi kabisa. Uchungu wa Shabani haukuwa pale, mama.

Unakumbuka alivyokuwa anachomelea mageti kule mtaa wa Gerezani, ile chembe ya chuma ikamwingia, kidonda kikaacha kovu jeupe mbele ya mboni. Wakaitoa konea yake katikati, mviringo mdogo kama kioo cha saa ya mkononi, wakaweka ya marehemu aliyejitolea nje ya nchi, wakaishona kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Bibi yako akauliza kama sasa ataona aliyoyaona yule marehemu! Jicho likabaki na rangi yake ileile, maana rangi iko nyuma ya konea, haiguswi.

Asubuhi walipofungua bandeji aliona ukungu tu, akanuna. Alidhani ataona siku hiyohiyo, na wewe nakujua, utanuna vilevile. Kuona kunakuja kwa miezi. Nyuzi zinaweza kukaa mwaka na zaidi, na mpaka konea itulie namba ya miwani inapanda na kushuka. Hata ukipona unaweza kuhitaji miwani au lenzi hizohizo ngumu, ila safari hii zitakaa. Usiku unavaa kikinga jicho, hubebi ndoo, na kufikicha macho ndiyo basi! Tangu darasa la tatu nakupiga vikofi vya mkono kwa kufikicha macho.

Halafu matone. Nilimwambia Shabani mpaka akanichoka: daktari anashona, matone ndiyo yanaponya. Konea haina mishipa ya damu, ndiyo maana mara nyingi hawahangaiki kulinganisha makundi ya damu kama kwenye figo. Lakini mwili unaweza kushtuka kwamba huyu ni mgeni ukaanza kumfukuza, hata baada ya miaka. Matone ya steroidi ndiyo yanautuliza, mara nyingi kwa mwaka au zaidi. Nayo yana yake: yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, kwa hiyo utapimwa kila mara.

Na alipona, Rehema. Siku moja pale Kariakoo akaziba lile jicho jingine lisilo na shida kwa kiganja, akasoma kwa sauti ubavuni mwa daladala: MBAGALA RANGI TATU. Konda akadhani ni abiria, akamvuta mkono, "Panda mzee, inaondoka!" Shabani anacheka, mimi nacheka, konda anatukana. Hata nikifa leo, kicheko kile nimeshakipata.

Ramadhani iliyofuata akaacha matone ya mchana, eti yatamfunguza. Shehe wa msikiti wetu alishamwambia tone la jicho halifunguzi. Jicho likawa jekundu, akavaa miwani ya jua hata sebuleni, akisema vumbi. Wiki mbili! Walikuwa wamemwambia kabisa: jicho likiwa jekundu, mwanga ukikuumiza, kuona kukipungua au likiuma, njoo siku hiyohiyo, maana likiwahiwa kwa steroidi kali mara nyingi linaokoka. Kufika Idd ukungu ulikuwa umerudi, na haukuondoka tena. Nilipofagia chumba chake nikakuta vichupa vya matone nyuma ya kitanda, vikavu, tangu kabla ya mwezi kuandama. Swaumu ilikuwa kisingizio, hela ndiyo zilikuwa zimekwisha. Na mimi nipo chumba cha pili na pesa ya kibubu. Angesema tu. Mpaka leo nikimwandalia chai nataka kumuuliza, nanyamaza.

Walimwambia inaweza kurudiwa, ingawa ya pili mwili huikubali kwa shida zaidi. Akakataa.

Sasa nijipinge mwenyewe, maana mwalimu mstaafu hana mwingine wa kubishana naye. Mwaka 1905, mwaka uleule Vita ya Maji Maji ilipoanza huku kwetu, daktari Eduard Zirm alimpandikiza kibarua mmoja aliyeungua macho yote mawili kwa chokaa, kule Olomouc, ambako leo ni Jamhuri ya Cheki. Jicho moja likakataa, la pili likabaki angavu. Steroidi hazikuwepo! Hapo hoja yangu inayumba, nakubali. Labda kuna bahati ndani yake. Lakini huyo alikuwa na jicho moja kati ya mawili, na sipendi hesabu hiyo kwa mwanangu.

Kwa hiyo nifanye au nisifanye, utasema, mbona hujibu? Hukuniuliza hilo. Na ungeniuliza ningesema jicho ni lako. Ningesema hivyo huku nimeshatandika chumba cha uani, maana kule Mwanza unakaa peke yako na matone ya wiki za mwanzo ni ya kila baada ya muda mfupi. Basi, sijasema kitu.

Kabla hujampa daktari jibu, muulize matone ya mwezi yanagharimu shilingi ngapi, na umpigie nani jicho likiwa jekundu Ijumaa jioni. Hiyo ya kwanza nitumie jibu lake kwa meseji, namba kamili.

Mama yako,
Magomeni