Uko mafunzoni uhudumu wa ndege na ilani ya mgomo imetoka: soma hii kabla hujasaini

Aliyeuliza yuko wiki ya sita ya mafunzo, Nairobi. Chama cha wafanyakazi kimetoa ilani ya mgomo, na bechi yao imeletewa fomu ya "kujitolea kusaidia shughuli" mgomo ukianza. Ana bondi, yaani ahadi ya kulipa gharama za mafunzo akiondoka mapema, na mdhamini wake ni mama yake. Asaini au agome?

Dada, usifanye lolote kati ya hayo mawili kwanza. Toa ile karatasi uliyosaini siku ya kuripoti uisome tena, maana ndiyo inayosema wewe ni nani mbele ya sheria. Wanaofika kwa wawakilishi wa wafanyakazi wameshachelewa mara nyingi hawakuwahi kuisoma hadi mwisho.

Kama ni chuo binafsi na wewe ndiye unayelipa karo, huna mwajiri, kwa hiyo huna mgomo wa kuingia. Endelea na masomo, kaa mbali na mabango. Kama ni barua ya ajira yenye kipindi cha majaribio, wewe ni mfanyakazi kamili. Kundi la katikati ndilo linalosumbua: "mkataba wa mafunzo" wenye posho ya mwezi, bila neno ajira popote. Kampuni hupenda kusema hao ni wanafunzi tu. Lakini Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kwenye tafsiri ya maneno, inamhesabu mwanagenzi na mwanafunzi wa kazi aliye chini ya mkataba kuwa mfanyakazi. Kusanya ushahidi sasa: hati ya malipo inayoonyesha makato ya NSSF (hifadhi ya jamii), SHIF (bima ya afya) au kodi, namba ya mfanyakazi, ratiba ya zamu yenye jina lako, barua pepe za kukuagiza kuripoti. Piga picha uziweke nje ya barua pepe ya kampuni, kwa sababu ile hufungwa siku unayotolewa.

Sasa mgomo wenyewe. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 76, inataka mambo matatu: mzozo uwe wa masharti ya kazi au wa kutambuliwa kwa chama, upatanisho uwe umejaribiwa ukashindikana, na ilani ya maandishi ya siku 7 iende kwa mwajiri na kwa Waziri. Upatanisho huo una siku 30, isipokuwa pande zote zikubaliane kuongeza. Muulize mwakilishi akuonyeshe nakala ya ilani yenye muhuri wa kupokelewa, kisha uhesabu siku mwenyewe. Kifungu hicho kinamtaja "mtu", si "mwanachama", kwa hiyo kutojiunga bado hakukufungii mlango. Na msikubali kutishwa na hoja kwamba nyinyi ni huduma muhimu isiyoruhusiwa kugoma: kwa upande wa anga, waliotajwa kwenye jedwali la sheria hiyo ni waongozaji ndege na mawasiliano ya usafiri wa anga. Wahudumu wa ndani ya ndege hawamo.

Mgomo ukiwa halali, mwajiri hawezi kukufuta kwa kushiriki, ila halazimiki kukulipa siku hizo. Ukiwa haramu, umevunja mkataba na unaweza kuadhibiwa. Tofauti hiyo hubadilika usiku mmoja, kwa amri ya korti. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma amri ya kusimamisha ikiwa imeshatoka, na ndani ya siku chache Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikawaamuru warudi kazini. Amri ikitoka, omba namba ya kesi na uisome, usitegemee sauti iliyosambazwa kwenye WhatsApp. Kisha rudi darasani asubuhi inayofuata, saini daftari la mahudhurio, ulipige picha.

Mtego mkubwa kwako si mgomo, ni majaribio. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu miezi 6 ya majaribio, inayoweza kuongezwa mingine 6 ukikubali, na mkataba huo unavunjwa kwa ilani ya siku 7 au mshahara wa siku 7. Kwa hiyo hakuna atakayekuandikia "umefutwa kwa kugoma". Wataandika "hukufikia kiwango". Kinga ni alama zako. Omba nakala ya matokeo ya kila mtihani na kila zoezi lililotiwa saini na mkufunzi, sasa hivi, kabla mambo hayajaharibika. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama hiyohiyo ya Ajira waliamua kuwa kumnyima aliye kwenye majaribio haki ya kusikilizwa kunakiuka Katiba. Maofisa wengi wa rasilimali watu bado wanaandika barua kana kwamba hukumu hiyo haijawahi kutolewa, basi itaje kwenye jibu lako.

Turudi kwenye fomu ya kujitolea. Hesabu wanayoifanya ni hii: kiwango cha kawaida ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50 au sehemu ya 50. Ndege ya viti 96 inataka wawili, ya 145 watatu, ya 234 watano. Akikosekana mmoja, ama abiria wanapunguzwa ama ndege hairuki. Ndiyo maana bechi iliyo nusu ya mafunzo huanza kutazamwa kwa macho mapya. Mwanafunzi aliye kwenye safari za kujizoesha huwa wa ziada, hahesabiwi kwenye idadi hiyo. Wakikuhesabu kabla faili lako halijakamilika (moto na moshi, kuokoa watu majini, huduma ya kwanza, bidhaa hatari, usalama, na mafunzo ya aina hiyohiyo ya ndege), kataa kwa maandishi ukitaja kilichobaki.

Hili si la urasimu. Kwenye Boeing 737 mhudumu huinama na kuchomeka kwa mkono fito ya chuma ya slaidi (mtelezo wa kushukia abiria wakati wa dharura) kwenye vishikizo vya sakafuni. Kwenye Embraer 190 anasogeza wenzo tu mlangoni. Aliyezoezwa moja akapewa nyingine kwa haraka anaweza kufungua mlango siku ya dharura na slaidi isifunguke, huku lengo la kutoa watu wote ni sekunde 90.

Fomu yenyewe: isiposema kazi gani, siku ngapi, malipo gani na bima gani, usisaini. Andika: "Nitaendelea na ratiba yangu ya mafunzo." Kauli hiyo haikuweki upande wowote.

Bondi. Angalia neno moja: inadaiwa ukiacha kazi mwenyewe, au hata ukiachishwa? Kama ni hata ukiachishwa, omba mchanganuo wa gharama halisi na kama deni linapungua kila mwezi. Mfano, shilingi 300,000 kwa miezi 24 hushuka 12,500 kwa mwezi, hivyo baada ya miezi 8 zimebaki 200,000. Isiyopungua kabisa ina hoja ya kupingwa. Makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mpe mama nakala, na umwambie asilipe kwa simu ya vitisho, asubiri dai la maandishi. Cheti halisi cha KCSE kisibaki ofisini kwao.

Siku ya mgomo usivae sare wala kutumia pasi ya uwanjani kuingia kuandamana. Machi 2019 polisi walitumia vitoa machozi dhidi ya waliogoma JKIA, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi.

Walio Tanzania, hesabu ni tofauti. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu mwenye chini ya miezi 6 kazini, ilani ya mgomo ni saa 48 baada ya usuluhishi wa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) na kura, na kutumia wafanyakazi mbadala kwenye mgomo halali kumekatazwa. Ukiachishwa, fomu ya CMA inajazwa ndani ya siku 30.

Mwisho, kibaneni chama kuhusu makubaliano ya kurudi kazini. Bechi ya mafunzo itajwe kwa jina: mafunzo yaendelee yalipoishia, siku za mgomo zisihesabiwe kwenye majaribio, tarehe ya ukongwe (inayopimia nani ametangulia kazini) isisogezwe. Hilo la ukongwe si dogo. Wahudumu wa shirika la ndege la TWA, Marekani, waligoma Machi 1986, na walipotaka kurudi Mei walikuta nafasi nyingi zimejaa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikasema kampuni haikulazimika kuwaondoa wenzao waliorudi mapema ili kuwapisha wakongwe waliogoma hadi mwisho. Sheria yetu si hiyo, lakini kifungu ambacho hakikuandikwa siku ya kusaini huwezi kukidai miezi sita baadaye.