Barua kwa mwanangu: Ramani ya Gemma Frisius

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza Gemma Frisius aliwezaje kuipanga miji kwenye ramani bila kuburuta mnyororo wa kupimia toka mji hadi mji. Mwanahisabati huyu alizaliwa Dokkum, Friesland, katika Uholanzi ya leo, mwaka 1508, akaishi Leuven akifundisha, na njia yake aliichapisha Antwerp mwaka 1533; miji hiyo miwili iko Ubelgiji ya leo.

Alitumia ubao wa duara uliogawanywa nyuzi 360, wenye dira, na juu yake mkono wa kulengea unaozunguka. Katika mfano wake unapanda mnara wa Antwerp, unageuza ubao mpaka kaskazini yake ilingane na sindano, kisha unalenga Ghent, Leuven, Brussels, mji mmoja mmoja, ukiandika nyuzi zake. Halafu unakwenda Brussels kufanya vilevile.

Kwenye karatasi, weka nukta ya Antwerp, uchore mistari yake yote. Juu ya mstari wa Brussels weka nukta ya Brussels, mbali upendavyo, uchore mistari ya pili. Mistari miwili ya Leuven inapokatana, ndipo Leuven ilipo. Na hapo hujapima hata hatua moja! Umbali mmoja tu ukishaujua, mwingine wote unaupata kwa uwiano. Kwangu huo ndio uzuri wa kazi yake.

Ila angalia mji ulio karibu sana na mstari unaounganisha Antwerp na Brussels. Mistari yake miwili inalaliana na huoni inapokatana. Lazima uulenge kutoka kituo cha tatu. Kosa la nyuzi 1 kwa kilomita 40 linakusogeza kando mita 700 hivi; mistari ikikatana kwa nyuzi 10 tu, kosa hilo linaongezeka zaidi ya mara tano. Tafuta pembe zinazokaribia 90, na chini ya 30 usikubali.

Dira nayo huvutwa na chuma kilicho karibu, na ikipotoka, mistari yote ya kituo hicho inapotoka pamoja. Ndiyo maana ni salama zaidi kupima pembe kati ya mnara na mnara. Mwanahisabati Willebrord Snellius alifanya hivyo Uholanzi, kati ya Alkmaar na Bergen op Zoom, akitumia kwadranti kubwa (chombo cha robo duara cha kupimia pembe) na mstari wa msingi uliopimwa ardhini. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1617. Ukimaliza ya Frisius, isome hiyo.

Mama yako