Mama amemaliza mionzi na hana maumivu, arudi kliniki ya nini?

Pole na hongera, dada wa Kaliua. Unasema mama alimaliza mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi kule Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, sasa anapalilia tumbaku, na nauli ya Dar inawabana.

Arudi. Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo. Ndiyo maana kwa kawaida miadi huwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa 5. Kazi kubwa siku hiyo ni maswali na kupimwa nyonga, yaani kukaguliwa ukeni. Sitii skani, ile picha ya ndani ya mwili, si ya kila safari.

Kuhusu nauli, mwulizeni daktari wake kama miadi mingine inaweza kufanyika hospitali ya Kitete pale Tabora, au Bugando kule Mwanza, ambako mionzi ipo pia. Daktari aandike barua yenye hatua ya ugonjwa na dozi aliyopata. Zipigeni picha hizo karatasi! Za mama yangu mdogo zililowa mvua, tukahangaika wiki nzima.

Akitoka damu ukeni, mguu mmoja ukivimba, nyonga au mgongo ukiuma bila kuacha, au akikonda, msisubiri tarehe. Damu kwenye mkojo au choo huweza kuwa madhara ya mionzi yenyewe, hata baada ya miaka, lakini aonwe. Uke kubana nako kuna msaada. Mama akiona aibu, mtafutie nesi wa kike.