Jibu: Nani alihukumiwa, Damon au Pythias?

Ndugu yangu, umeuliza kati ya Damon na Pythias nani alihukumiwa kufa, na kama kweli Dionysius, yule mtawala aliyetoa hukumu, alikuja kuwa rafiki yao. Aliyehukumiwa ni Pythias, ambaye jina lake la asili ni Phintias. Damon ndiye aliyejitoa kuwa mdhamini. Wote wawili walikuwa wafuasi wa mafundisho ya Pythagoras, mwanafalsafa wa Kigiriki, na mambo yalitokea Syracuse, kisiwani Sicily.

Simulizi ninayoipenda ni ya Aristoxenus, mwandishi wa Kigiriki wa kale, aliyesema aliisikia kwa mtawala mwenyewe, Dionysius wa Pili, alipokwisha kupinduliwa na kuishi Corinth akifundisha watoto kusoma. Humo hakuna mto uliofurika wala majambazi njiani, kama wanavyosimulia wengine. Phintias anasingiziwa njama dhidi ya Dionysius ili urafiki wake na Damon upimwe. Anaposikia hukumu haombi msamaha, anaomba muda hadi jioni tu, akaweke sawa mambo ya nyumbani, maana yeye na Damon walikula chungu kimoja na yeye kama mkubwa ndiye aliyeshika hesabu. Hapo ndipo huwa naguswa: mtu anakwenda kufa, anawaza mwenzake asiachiwe mzigo.

Damon akakaa rehani. Watu wa ikulu wakamcheka, kwamba ameshatoswa. Jua likiwa linazama, Phintias huyo, anaingia.

Dionysius akawakumbatia, akaomba awe rafiki wa tatu. Aliwasihi sana. Walikataa katakata.