Mkopo wa chuo wa Marekani ukiwa kwenye mafao ya ulemavu: niliyopitia mimi

Mwaka 2016 nilipata kiharusi nikiwa Houston. Mkono wa kushoto ulikufa, mguu ukawa wa kuburuta. Kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi na kukatwa michango miaka ya kutosha, nilipewa mafao ya ulemavu ya Social Security, hifadhi ya jamii ya Marekani, yale ya SSDI. Mwaka 2018 nikarudi Mtwara kwa mama, Shangani, maana peke yangu hata viatu nilishindwa kuvaa. Uraia wa kule nilishachukua, hapa nakaa kwa kibali, na mafao yakaendelea kuingia. Deni la chuo nalo likanifuata mpaka nyumbani.

Wengi wetu hatujui kwamba mkopo wa serikali kuu ya Marekani unafutwa wote ikithibitika una ulemavu kamili na wa kudumu. Hata mzazi aliyemkopea mtoto wake anaweza kufutiwa, ikiwa mlemavu ni huyo mzazi. Mkopo wa benki binafsi haumo, huo unafuata mkataba wake.

Uthibitisho unapatikana kwa njia tatu: hati za waliotumikia jeshi, hati za Social Security, au fomu iliyojazwa na daktari. Mimi nilikimbilia daktari, na hapo nikapoteza miezi. Daktari wangu wa hapa mjini, aliyenihangaikia tangu siku niliyoshuka kwenye ndege, alijaza kila mstari na kugonga muhuri. Jibu likarudi: anayesaini lazima awe na leseni ya jimbo la Marekani. Tangu Julai 2023 wameongeza wauguzi wenye mamlaka ya kutibu, wasaidizi wa madaktari na wanasaikolojia, lakini sharti la leseni ya kule liko palepale. Kwa hiyo wewe ambaye bado uko huko na unajiandaa kurudi, msainishe daktari wako kabla hujafunga mizigo, na utume maombi ndani ya siku 90 tangu aliposaini.

Kumbe mimi sikuhitaji daktari kabisa. Social Security wanapokupa mafao wanapanga pia lini watakukagua tena. Kama ukaguzi wako umepangwa baada ya miaka 5 hadi 7, hati inayoonyesha hivyo inatosha. Tangu 2023 wameongeza sababu nyingine, mojawapo ni ulemavu kuwa ulianza angalau miaka 5 kabla. Kama barua yako ya kwanza haitaji tarehe ya ukaguzi, au imepotea, wapigie simu Social Security uombe karatasi ya maelezo ya mafao yako inayoitwa BPQY. Tarehe imo humo.

Nilipiga saa 10 jioni, ndiyo asubuhi ya Texas, mama akinishikia simu ili mkono mzima uandike. Karatasi ilifika kwa binamu yangu Houston, akaipiga picha na kunitumia. Nikaichapisha stationeri karibu na soko, nikakaa barazani na fomu. Feni ya dirishani ilikuwa inapeperusha kila kitu, basi nikaegesha kikombe cha chai juu ya karatasi pale ambapo mkono wa kushoto ungeshika. Alama ya duara ya kikombe iko mpaka leo kwenye nakala yangu.

Tangu Septemba 2021 serikali yao inalinganisha yenyewe majina ya wenye mikopo na ya wanaopata mafao ya ulemavu, na wengi hufutiwa bila kuomba. Usikae ukisubiri. Anwani ikiwa ya zamani, hutajua kama jina lako limepita au limeachwa.

Ukiwajulisha Wizara ya Elimu ya Marekani, wenye mikopo hii, kwamba unaomba, wanasimamisha kukudai kwa siku 120. Hilo ni kubwa kwa aliyeacha kulipa, kwa sababu sheria inaruhusu mafao yako ya SSDI yakatwe hadi asilimia 15, mradi ubakiwe na dola 750 kwa mwezi. Tafadhali usifike huko. Nimekaa na hofu hiyo usiku mwingi na simtakii mtu.

Ukishafutiwa kwa hati za Social Security au fomu ya daktari kuna miaka 3 ya uangalizi: ukichukua mkopo mpya wa chuo wa serikali kuu au TEACH Grant, ruzuku ya wanaosomea ualimu, ndani yake, deni la zamani linarudi. Zamani walifuatilia na kipato, hilo liliondolewa Julai 2023. Kodi ya serikali kuu haikatwi kwenye deni lililofutwa kwa ulemavu, ila majimbo yana sheria zao, ulizia.

Niseme na hili kwa anayefikiria kurudi. SSI, msaada wa wenye kipato kidogo, si SSDI. SSI inasimama ukikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, na nimeona mtu akigundua hivyo akiwa ameshauza kila kitu. Na wa SSDI, ile fomu ya maswali wanayoituma kwa posta ijaze na uirudishe, la sivyo malipo yanasimamishwa.

Maombi yote ni bure. Anayekupigia akitaka ada ili akufutie mkopo, kata simu.

Barua yangu ya kufutiwa nilimsomea mama jikoni, akiwa anakaanga korosho. Akanyamaza, akauliza, "Na riba?" Na riba pia, mama.