Sehemu ya nyuma ya Honda ATC250R, pikipiki ya magurudumu matatu, inagonga: nipake grisi au nibadilishe rulma (beringi)?

Kaka, umeuliza kama grisi itatosha kwa hiyo ATC250R yako ya 1985 inayogonga nyuma kila ukipita kwenye mawe. Grisi peke yake haitoshi kama chuma kimeshalika. Iinue nyuma mpaka magurudumu yaning'inie, shika mkono unaobeba ekseli, usukume kushoto na kulia, kisha juu na chini. Ukisikia "tok", kuna ulegevu.

Pro-Link, mfumo wa Honda wa kuunganisha mkono huo na shokamzoba ya nyuma, una viungo chini ya shokamzoba, karibu kabisa na matope. Hapa Goma tuna balaa la ziada: unga mweusi wa lava unasaga kama msasa. Tandika kitambaa cheupe kabla ya kuchomoa bushi (kibomba cha chuma kilicho ndani ya rulma), maana rulma za sindano zikizeeka zinamwaga vijiti vyake, vyembamba kama njiti za kiberiti. Mimi nilipoteza viwili kwenye changarawe, nikavitafuta hadi giza.

Osha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha pitisha ukucha juu ya bushi. Ukikwama kwenye mfereji, badilisha bushi na rulma pamoja. Namba huwa imechongwa ukingoni mwa rulma. Nenda nayo sokoni. Ingiza mpya kwa kuikandamiza kwenye jiliwa, si kwa nyundo. Sili mpya ni lazima, na grisi iwe isiyoyeyuka kwa maji.

Na hao vijana wa kuosha pikipiki kwa mashine ya presha, waambie wasielekeze maji hapo.